Fulana za Punda Anayecheka

Sokoni walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Aliuza nguo kuukuu na mabaki ya viwandani, kibanda cha tatu kutoka bombani, na alijigamba kwa jambo moja tu: hakuna fulana iliyotoka mikononi mwake bila yeye kujua imenunuliwa kwa nini.

"Nguo hainunuliwi na mwili," alikuwa akimwambia Fundi Soli, mshona viatu wa kibanda cha pili. "Mwili unataka kusitiriwa tu, hata gunia lingetosha. Nguo inanunuliwa na jambo lililomo moyoni."

Na kweli alikuwa na jicho. Mwanamke akiinua fulana nyeupe kuitazama kwenye mwanga, Shangazi alijua ana usaili wa kazi kesho yake. Kijana akitafuta yenye jina la timu iliyofungwa juzi, alijua huyo ni mkaidi na kuna rafiki anakwenda kubishana naye. Mzee mmoja alishika fulana ya waridi huku akiona haya, Shangazi akamnong'oneza, "Mjukuu ndiye kachagua rangi, eti?" Yule mzee alicheka mpaka akajifuta machozi, na tangu siku hiyo hakupita bila kumsalimu.

Ndiyo maana fulana za punda zilimnyima raha.

Zilikuja ndani ya gunia moja, masalia ya kampuni ya rangi za nyumba iliyokwisha kufunga milango. Zilikuwa za njano, njano ya kiini cha yai lililochemshwa likasahauliwa. Kifuani palichorwa punda mwenye meno makubwa, anacheka, brashi ya rangi kaichomeka nyuma ya sikio. Shangazi alizitundika miezi mitatu. Hakuna aliyezigusa, isipokuwa watoto waliopita wakimwiga yule punda na kukimbia.

Kisha, ghafla, zikaanza kutoka.

Wa kwanza alikuwa muuguzi wa zahanati, mama mnene mwenye vicheko vingi. Siku hiyo hakucheka. "Ile ya punda, kubwa kabisa ipo?"

"Ipo, mama. Ya kulalia?"

"Hapana. Ya kuvaa mchana." Akalipa bila kuomba apunguziwe, akaondoka.

Wiki hiyohiyo akaja seremala. Baada yake, dereva wa lori. Baada yake, mwalimu wa hesabu, mwenye tai na miwani, aliyeikunja fulana yake ikawa ndogo kama leso na kuisukumiza chini ya madaftari kwenye mkoba, kama mtu anayeficha barua ya mapenzi. Watu wanne, hawafanani umri wala kazi, na hakuna hata mmoja aliyemtazama yule punda akatabasamu. Hilo ndilo lililomchoma Shangazi. Mtu hanunui punda anayecheka kwa uso wa msibani.

Seremala aliporudi kuchukua ya pili, Shangazi aliishikilia upande mmoja wa kola, asiiachie.

"Baba, niambie kweli. Mnakwenda nazo wapi hizi?"

Seremala akainamisha macho. "Mambo ya nyumbani tu, Shangazi."

"Nyumbani kwa nani?"

"Nyumbani," akasema, na kuivuta fulana taratibu, kwa adabu, mpaka ikamtoka Shangazi vidoleni.

Siku chache baadaye duka la mabati lilivunjwa. Mlinzi akasema kwamba alfajiri ile alimwona mtu akipita uchochoroni upesi upesi, amebeba kitu kilichofunikwa kwa kitambaa, na kifuani ana punda wa njano.

"Weee! Kumbe umefungua duka la sare!" Fundi Soli alisema, misumari ikiwa mdomoni. "Wezi wa siku hizi wana nidhamu jamani. Wanavaa sare kuliko wanafunzi."

Shangazi hakucheka. Miaka miwili nyuma aliuziwa furushi la makoti na mtu mwenye maneno matamu, kumbe ni ya wizi, na yeye ndiye aliyelala siku mbili kwenye benchi la kituo cha polisi. Binti yake alimletea kanga na mswaki, akamkuta kakaa katikati ya walevi. Jinsi yule binti alivyomtazama siku hiyo, Shangazi hakupata kuisahau. Alijiapia kwamba haitatokea tena.

Kwa hiyo Jumatatu alikwenda kwa mwenyekiti wa soko, akawataja wote wanne. "Sisemi ni wezi," alisema mara tatu. "Nasema tu walinunua."

Jumanne mchana seremala akaja tena, kavuja jasho, anataka mbili.

"Zimekwisha," Shangazi akamwambia. Gunia lilikuwa chini ya miguu yake. Alilisukuma nyuma kwa kisigino.

Seremala alijifuta jasho. "Haya, Shangazi. Zikija, tafadhali niwekee." Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa, akainama akakazia msumari wa meza ya Shangazi uliokuwa umechomoza, kwa kisigino cha kiatu, ili usimchane. Akaenda.

Jioni ile Shangazi alichukua mkasi. Ilikuwa desturi yake kila mwisho wa mwezi: nguo iliyokataa kuuzika hukatwa vitambaa, na mafundi wa gereji huvichukua kufutia mikono na injini. Zilikuwa zimebaki kumi na mbili. Alizikata zote, kutoka shingoni hadi chini, kisha vipande vinne vinne. Meno ya punda huku, masikio kule. Alipomaliza alipumua kama mtu aliyefunga mlango na kutia komeo. Fundi wa gereji akaja akabeba furushi zima begani.

Alhamisi asubuhi akaja mwanamke ambaye hakuwahi kumwona. Alikuwa kijana bado, mwembamba, amevaa aproni ya kiwanda cha mikate na viwiko vyeupe kwa unga.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Nasikia wewe ndiye unayeuza fulana za punda. Nimekuja kukuomba hata moja. Hata iwe na tundu. Hata ya mtoto, nitaipasua pembeni."

"Zimekwisha."

"Nitakupa chochote. Nitakuletea mikate mwezi mzima."

"Nimekwambia zimekwisha, binti. Nimezikata. Zimekuwa matambara ya gereji."

Yule mwanamke hakupiga kelele. Alikaa palepale chini, kwenye vumbi, kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Fundi Soli aliinuka, akachukua kigoda chake mwenyewe na kumletea, lakini yeye hakukiona.

"Zote?" akauliza.

"Zote. Sasa niambie na wewe, maana nimechoka kutiwa gizani. Kuna nini na hizi fulana? Mnafanya nini nazo?"

"Tunamlishia mama mkwe wangu," yule mwanamke akasema.

Shangazi alidhani hakusikia vizuri. Fundi Soli alitema misumari mkononi.

Basi akaeleza, bila kuinua uso, akiviringisha ncha ya aproni yake. Mumewe alikuwa fundi rangi. Aliifanyia kazi kampuni ile mpaka ilipofungwa, na fulana ya punda ilikuwa nguo yake ya kila siku. Miezi minane iliyopita alianguka kutoka kwenye jukwaa, ghorofa ya tatu, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Mama yake alikuwa amekwisha kuanza kupoteza kumbukumbu.

"Tulimwambia. Alilia, Shangazi, akagaagaa chini mpaka tukamshika watu watatu. Asubuhi yake akaamka, akaniuliza, 'Mwanangu kaenda kazini?' Nikamwambia tena. Akalia upya, kilio kilekile, kama ndiyo kwanza anasikia. Kesho yake tena. Tulimzika mume wangu mara tisa. Kaburini mara moja, na pale kitandani mara nane. Nikasema basi, simwambii tena. Nitamwambia yuko kazini."

"Ikawaje?"

"Akagoma kula. 'Nitakula na mwanangu akirudi.' Siku nne, maji tu, na hayo kwa kijiko. Mimi hanijui. Ananiita yule binti wa maji. Siku ya tano nilifua nguo zangu zote, mvua ikanyesha, sikuwa na kikavu. Nikavaa fulana ya marehemu nikaingia kufagia. Akaniangalia. Si usoni, hapa kifuani. Akasema, 'Umerudi.' Akafungua kinywa."

Sokoni kulikuwa na kelele za kawaida, mtu anavuta mkokoteni, mtu anapatana bei ya vitunguu. Shangazi hakusikia hata moja. Masikio yalikuwa yameziba kama ya mtu aliyezamishwa majini.

"Mimi naingia kazini alfajiri, natoka jioni. Majirani wakasema, tutapokezana. Mwalimu anampa uji wa asubuhi kabla ya kwenda shule. Anaubeba kutoka kwake, kaufunika kwa kitambaa usipoe. Muuguzi anakuja saa sita. Seremala jioni, na dereva siku zile hayuko safarini. Fulana moja haikutosha. Haikauki, inanuka uji, na muuguzi alijaribu kuingia ikamkaba mpaka tukamvua kwa sabuni." Alitaka kucheka, sauti ikamkatikia. "Ndiyo wakaja kwako."

"Mbona hawakuniambia?" Shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliuliza. Hata seremala nilimwuliza!"

"Niliwaapisha mimi. Kuna watu wema ambao midomo yao haina mlango. Mmoja tu akija kumpa mama pole ya msiba, tunaanza kuzika tena."

"Na hizo walizonunua? Ziko wapi?"

Sasa yule mwanamke aliinua uso. "Jana polisi walikuja wakimtafuta seremala. Nilikuwa nimezifua zote, ziko kwenye kamba, na ile ya mume wangu. Walisema kuna mtu sokoni katoa majina. Wakazianua wakazitia kwenye mfuko, ni kidhibiti. Seremala walimchukua, wakamwachia usiku. Fulana zimebaki kwao mpaka wamalize uchunguzi." Akajifuta pua. "Mama hajala tangu jana asubuhi. Leo kamgeuzia mwalimu mgongo. Sijui ni nani aliyetoa majina, Shangazi, na wala simlaani. Nataka tu fulana."

Damu ilimwisha Shangazi usoni. Alimtazama Fundi Soli, na Fundi Soli, ambaye alijua yote na ambaye ulimi wake haukuwahi kulala, alitazama chini akasugua kiatu kisicho na vumbi.

"Ni mimi," Shangazi akasema.

Yule mwanamke hakuelewa.

"Aliyetoa majina. Ni mimi, mwanangu. Na seremala alipokuja Jumanne, fulana zilikuwa hapa, chini ya miguu yangu. Nikamwambia zimekwisha."

Hakungoja kuona uso wake. Alivua kandambili, akazishika mkononi, akakimbia. Watu wa soko walimkodolea macho. Tangu lini Shangazi anakimbia? Mwuza mayai alikumbatia trei zake kifuani. Fundi Soli akamfuata nyuma, aproni ya ngozi ikimpiga magotini.

Gerejini fundi alikuwa ameinama ndani ya lori, mgongo tu unaonekana. "Vitambaa vyangu!" Shangazi alisema, akihema. "Viko wapi?"

"Shangazi? Kuna moto?"

"Hicho ulichoshika! Usifutie, nakuomba, usifutie!"

Fundi akatazama mkononi. Sikio la punda lilikuwa limeshanywa oili nusu nzima. Hakuuliza la pili. Aliliweka pembeni, akaenda kwenye pipa, akalipindua lote sakafuni, akapiga magoti na wanafunzi wake wawili wakaanza kuchambua njano kutoka kwenye weusi. Vingi vilikuwa vimekwisha. Walipata meno ya punda mmoja, jicho la punda mwingine, kipande cha mgongo, mikono miwili isiyolingana. "Vichukue tu," fundi alisema Shangazi alipoanza kupekua mfuko atafute pesa. "Mama, vichukue, nenda."

Kibandani alikuwa na cherehani ya mkono, ya kurekebishia pindo. Alijaribu kuizungusha, sindano ikatoboa pembeni. Fundi Soli akamsogeza kwa bega.

"Wewe ongoza kitambaa. Mimi nazungusha."

"Taratibu."

"Nazungusha kama nabembeleza mtoto. Ongoza."

"Unazungusha kama unafukuzwa. Taratibu, nimesema!"

Yule mwanamke alikuwa amekaa kwenye kigoda sasa. Shangazi alipokosa uzi wa njano, aliona mkono wenye unga ukimnyooshea kibiringo alichokuwa amekitafuta mwenyewe kwenye kopo. Shangazi alikipokea. Akatunga uzi kwenye sindano.

Ilikamilika kabla ya saa sita. Ilikuwa kituko. Punda alikuwa na jicho moja juu na jingine karibu na pua, meno yamepinda, sikio jeusi, na mishono imepita kifuani kama barabara za mji. Shangazi aliikung'uta, akampa yule mwanamke kwa mikono miwili.

Mwanamke hakuipokea.

"Vaa wewe," alisema.

"Mimi? Mimi hanijui kabisa."

"Na mimi hanijui, nimeishi naye miaka sita." Akapangusa macho kwa kiwiko, unga ukabaki kwenye nyusi. "Vaa wewe, Shangazi. Leo nimechoka kuwa mume wangu."

Nyumba ilikuwa nyuma ya kiwanda cha mbao, chumba kimoja na sebule, ua umefagiwa, kamba ya nguo tupu. Muuguzi alikuwa mlangoni na bakuli la uji, ndani ya sare yake nyeupe. Aliitazama ile fulana, kisha uso uliokuwa juu yake. Alikuwa amekwisha kusikia. Habari za sokoni zina miguu kuliko mtu. Shangazi alingoja atukanwe. Muuguzi akamtengenezea kola iliyokunjika, akamwekea bakuli mkononi.

"Kijiko kidogo kidogo," alisema. "Na usimpulizie, anachukia."

Bibi alikuwa amelala akitazama ukuta. Alikuwa mdogo, mdogo kuliko Shangazi alivyomwazia, midomo imepasuka kwa ukavu. Shangazi alikaa ukingoni mwa kitanda. Moyo ulimdunda hadi akahisi punda anapanda na kushuka.

"Mama," alisema.

Bibi akageuka taratibu. Macho yakapita usoni mwa Shangazi bila kusimama, yakashuka, yakatua kifuani. Yakakaa hapo. Mkono ulitoka chini ya shuka, vidole vyembamba, vikaanza kufuata mishono, mmoja mmoja, kutoka begani hadi kwenye meno ya punda.

"Nani kakukata hivi?"

Shangazi angeweza kusema msumari. Angeweza kusema waya. Alifungua mdomo, na lililotoka lilikuwa lile lililokuwa likimsonga tangu asubuhi. "Ni mimi mwenyewe, mama. Niliogopa. Nikaogopa bure, nikachukua mkasi."

Bibi akashtuka, macho yakamtoka. "Umejikata mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mtoto wewe!" Na hapohapo alimchapa mkononi, kofi la sauti, ambalo hakuna mtu ndani ya nyumba ile aliyedhani lingeweza kutoka kwenye mkono ule. Uji ukaruka. Muuguzi alishika mdomo. "Nimekulea, nikukeshee kwa kikohozi, nikubebe mvuani, ili ujikate? Usirudie!"

"Sirudii, mama."

"Usirudie tena."

"Sirudii."

Bibi akahema, akaegemea mto. Kisha akafungua kinywa.

Shangazi alipeleka kijiko cha kwanza. Cha pili. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Cha tatu Bibi alikikataa. Alikisukuma kwa upande wa kidole, na wote pale ndani wakaacha kupumua.

"Na mkeo?" akauliza.

Shangazi alishusha kijiko.

"Mkeo amekula? Yule pale mlangoni. Amesimama siku nzima kama mgeni."

Yule mwanamke alikuwa ameegemea fremu ya mlango, aproni yake bado kiunoni. Miezi minane alikuwa binti wa maji. Uso wake uliganda, kisha ukawa kama uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lake katika nchi ya watu.

"Hajala, mama," Shangazi akasema.

"Basi mbona unanilisha mimi, na mwenzio ana njaa? Sikukufundisha hivyo. Mwite akae."

Akaja. Akakaa upande wa pili wa kitanda, akiogopa hata kuikunja shuka, asije akaivuruga ile dakika. Shangazi alichota uji, akanyoosha mkono juu ya magoti ya Bibi, mkono wenye alama nyekundu ya kofi. Mkwe akatazama kijiko, akamtazama mwanamke aliyekishika, aliyewataja majirani zake na kukata fulana kumi na mbili. Bibi alikuwa akingoja, ameshika pindo la fulana.

Mkwe akafungua kinywa.